Nyumba za wafanyakazi Aspen: hati bila msimamizi ni karatasi tu

Katika soko la nyumba, bei ikipanda muuzaji hucheka na dalali huongeza mwendo. Lakini iko miji ambayo bei hiyo hiyo, ikishapita kiasi, huanza kuila biashara iliyoipandisha. Mji wa Aspen, katika milima ya jimbo la Colorado nchini Marekani, ni mfano ulio wazi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, wakazi wake wa kudumu walikuwa wapatao 7,000 tu. Hata hivyo, wastani wa bei ya nyumba ya familia moja inayouzwa kwenye soko huru umepita dola milioni 10 katika miaka ya karibuni. Mpishi, dereva wa basi, muuguzi na mwalimu hawawezi hata kuikaribia bei hiyo.

Aspen ulianza kama mji wa machimbo ya fedha, ukafifia baada ya bei ya madini hayo kuanguka mwaka 1893, kisha ukafufuka kwa utalii wa kuteleza juu ya theluji baada ya Vita Kuu ya Pili. Leo biashara yake ni hoteli, migahawa na nyumba za mapumziko za matajiri. Mgeni anayelipa mamia ya dola kwa usiku mmoja hataki kuambiwa kwamba chumba hakijasafishwa kwa sababu mfanyakazi amekwama njiani. Na kukwama si jambo la ajabu. Wengi wa wanaouhudumia mji huo huishi chini bondeni, wengine Glenwood Springs, kiasi cha kilomita 65 kutoka Aspen, na huipanda kila asubuhi barabara moja kuu ambayo wakati wa baridi hufunikwa na theluji.

Dawa iliyochaguliwa ni nyumba zenye hati ya masharti. Mji na Wilaya ya Pitkin waliungana mapema katika miaka ya 1980 wakaunda mamlaka moja ya nyumba, ambayo sasa inasimamia nyumba zaidi ya 3,000, nyingine za kuuzwa na nyingine za kupangisha. Kwa mji wenye ukubwa huo, hilo si jambo dogo. Wachunguzi wa masoko ya nyumba huutaja mpango wa Aspen kuwa miongoni mwa mikubwa na ya zamani zaidi katika miji ya utalii ya Marekani.

Hata hivyo, miaka zaidi ya arobaini ya mpango huo inafundisha jambo moja ambalo wenye haraka ya kujenga hulisahau. Kuijenga nyumba ya mfanyakazi ni kazi ya mwaka mmoja au miwili. Kuisimamia ni kazi ya vizazi, na hapo ndipo fedha nyingi na lawama nyingi zilipo.

MASHARTI YENYEWE

Hati ya masharti ni hati ya kawaida ya nyumba iliyofungwa kamba. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba kweli. Ana mkopo wa benki, analipa kodi na anaweza kuuza. Lakini uhuru wake una mipaka, na mipaka hiyo haimwandami yeye bali inaiandama nyumba. Akiuza, mnunuzi anairithi. Msomaji wa pwani anayeijua mali ya wakfu hatapata shida kuelewa: mali ipo, watu wanaitumia, lakini haiwezi kutolewa nje ya kusudi lake.

Huko Aspen masharti makuu ni haya. Mwenye nyumba lazima afanye kazi ndani ya wilaya kwa saa zisizopungua 1,500 kwa mwaka. Lazima aishi humo mwenyewe angalau miezi tisa ya mwaka. Haruhusiwi kuwa na nyumba nyingine ya kuishi katika bonde hilo. Wanunuzi hupangwa katika madaraja kwa kipato na mali, na nyumba inapopata wagombea wengi mshindi hupatikana kwa bahati nasibu. Sharti linalouma zaidi ni la bei: katika hati nyingi, bei ya kuuzia haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au kiwango cha mfumuko wa bei, kipi kiwe kidogo.

Fedha za mpango hutoka kwa walewale wanaopandisha bei. Mnunuzi wa nyumba ya soko huru ndani ya mji hulipa kodi ya uhamisho wa milki ya asilimia 1 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, ukiondoa dola 100,000 za mwanzo. Nyumba ya dola milioni 10 kwa hiyo huingiza dola 99,000 katika mfuko huo kwa mauzo ya siku moja. Miji mingine ya Colorado iliyochelewa haiwezi kuiga hilo, kwa kuwa marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1992 yalipiga marufuku kodi mpya za aina hiyo. Aspen iliwahi.

HESABU YA MNUNUZI

Tuchukue mfano. Mfanyakazi ananunua nyumba ya dola 150,000. Bei ikipanda kwa asilimia 3 juu ya asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 20 ataruhusiwa kuuza kwa dola 271,000 hivi. Mfumuko wa bei ukiwa chini ya asilimia 3, atapata pungufu ya hapo. Wakati huo jirani yake wa soko huru amezidisha mtaji wake mara kadhaa. Kwa hesabu ya faida, mfanyakazi ameshindwa. Kwa hesabu ya makazi, ameishi miaka 20 karibu na kazi yake kwa gharama ambayo mshahara wake uliiweza, na anayemfuata atapata nafasi kama yake. Ndilo kusudi la mpango, na hapo hapana dhuluma.

Tatizo linaanza paa linapovuja.

Majengo mengi ya mpango huo yalijengwa katika miaka ya 1980 na 1990, na sasa yanazeeka. Mabomba, paa na kuta zinadai fedha. Katika soko huru mwenye nyumba hutengeneza kwa sababu atazirudisha fedha zake atakapouza. Chini ya kikomo cha bei, motisha hiyo ni ndogo. Hati nyingi huruhusu kuongeza katika bei gharama za maboresho, lakini kwa kawaida si zaidi ya asilimia 10 ya bei ya kununulia. Katika mfano wetu hiyo ni dola 15,000. Chama cha wenye nyumba kikiamua kwamba kila mmoja atoe dola 40,000 kwa ukarabati wa jengo zima, mwenye mshahara wa mhudumu wa hoteli anazitoa wapi? Benki nazo huangalia bei iliyowekewa kikomo, si bei ya soko, zinapopima mkopo.

Matokeo yake yanatabirika. Wenye nyumba hupiga kura ya kuweka michango ya mwezi iwe midogo, mfuko wa akiba unakauka, na deni la matengenezo linarithishwa pamoja na hati. Mnunuzi mpya anayeshangilia bahati nasibu huenda ameshinda nyumba ya bei nafuu yenye bili iliyojificha ukutani.

NANI ANAISHI HUMO?

Jambo la pili ni matumizi. Pengo kati ya bei ya hati na bei ya soko ni kishawishi kikubwa. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam wanaokumbuka habari za kilemba katika nyumba za umma hawahitaji kuelezwa: palipo na kodi ndogo na uhaba mkubwa, patatokea mtu wa kuuza nafasi. Kupangisha kwa wageni wa msimu, kudai saa za kazi zisizofanyika, au kuishi kwingine huku jina likibaki kwenye hati ni makosa ambayo mpango wa namna hii hauwezi kuyaepuka kwa kuandika sheria tu. Lazima pawe na watu wa kukagua, kupokea malalamiko, kusikiliza utetezi na, ikibidi, kulazimisha nyumba iuzwe. Ukaguzi huo huchukiza majirani, lakini kila nyumba moja inayotumiwa vibaya ni mpishi mmoja anayeondoka mjini.

Jambo la tatu ni uzee. Mwenye nyumba aliyefanya kazi kwa miaka inayotakiwa huruhusiwa kubaki anapostaafu. Ni haki, na mji usio na wazee ni kambi. Lakini kizazi kilichonunua kikiwa kijana kimefikia umri wa kustaafu, na nyumba ya vyumba vitatu yenye mstaafu mmoja haimhifadhi tena mfanyakazi. Hawezi kuhamia ndogo zaidi kwa sababu hakuna iliyo wazi, na hawezi kununua nje kwa sababu dola 271,000 hazinunui kitu bondeni humo. Kikomo kilichomwingiza ndicho kinachomzuia kutoka.

NJIA YA JIRANI

Mji wa Vail, katika jimbo hilo hilo, umechukua njia nyingine. Mwaka 2017 ulianzisha mpango wa kununua masharti badala ya kununua nyumba. Mji humlipa mwenye nyumba fedha taslimu mara moja, naye hukubali nyumba yake ifungwe daima kwa mtu anayefanya kazi angalau saa 30 kwa wiki katika Wilaya ya Eagle. Bei haina kikomo. Lengo lilikuwa kupata nyumba 1,000 zaidi zenye masharti ifikapo mwaka 2027.

Faida ya njia hiyo ni kwamba mwenye nyumba anabaki na sababu ya kutengeneza paa, na mji hauhitaji kutafuta kiwanja. Kasoro yake ni kwamba bei hufuata uwezo wa mfanyakazi tajiri kuliko wote. Daktari na wakili nao hufanya kazi saa 30. Mfua shuka za hoteli atabaki nje ya mlango.

Whistler, mji wa theluji katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ulianzisha mamlaka yake ya nyumba mwaka 1997, kwa lengo la kuwawezesha angalau asilimia 75 ya wafanyakazi kuishi mjini. Sehemu ya nyumba zake ilitokana na kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka 2010. Huko kanuni ya bei iliwahi kufungwa na riba ya benki, kisha na bei za nyumba za Vancouver, na baadaye na mfumuko wa bei. Fundisho ni kwamba kanuni huwa na makosa, na hati zilizokwisha kusainiwa hazibadiliki kwa amri. Kila kizazi cha hati kinaishi na kanuni yake, na msimamizi lazima aziendeshe zote kwa pamoja.

Sheria nayo yaweza kugeuka. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Colorado iliamua kwamba agizo la mji wa Telluride la kuwataka wajenzi watoe nyumba za bei nafuu lilikuwa ni udhibiti wa kodi za pango, jambo lililokatazwa na sheria ya jimbo. Ilichukua hadi mwaka 2021 kwa bunge la jimbo kuilegeza sheria hiyo. Miaka 21 ni mirefu kwa mtu anayelala ndani ya gari.

KINACHOPASWA KUFANYWA

Wapo wanaosema kikomo cha bei kiondolewe na soko liachwe lifanye kazi yake. Ushauri huo ungewatajirisha wenye nyumba wa leo mara moja tu, na kuufunga mlango kwa wote wanaokuja. Fedha za umma zilizojenga nyumba hizo zingekuwa zawadi kwa walioshinda bahati nasibu. Kikomo kibaki.

Lakini kikomo bila mfuko wa matengenezo ni ahadi nusu. Mamlaka inayomnyima mwenye nyumba faida ya soko haina budi kulibeba pamoja naye jukumu la jengo. Kila hati mpya idai akiba ya matengenezo inayokokotolewa na mhandisi, si kwa kura ya wenye nyumba peke yao. Gharama ya paa, mabomba na usalama wa jengo iongezwe katika bei bila ya kuhesabiwa ndani ya asilimia 10. Sehemu ya kodi ya uhamisho wa milki itengwe kwa majengo ya zamani kabla ya kuweka jiwe la msingi la jipya. Na mstaafu anayekubali kuachia nyumba kubwa apewe nafasi ya kwanza katika ndogo, pasipo bahati nasibu.

Hayo si mambo ya kupigiwa tarumbeta. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe mbele ya bomba lililobadilishwa. Lakini gharama ya kuitunza nyumba iliyopo karibu siku zote ni ndogo kuliko ya kujenga nyingine katika bonde ambalo ardhi yake imekwisha.

Kwa mwekezaji mdogo, popote alipo, anayeonyeshwa nyumba ya bei nafuu yenye masharti katika mji wa utalii, hesabu ni fupi. Aisome hati kabla ya kuitazama bei. Aulize mfuko wa akiba una kiasi gani na paa lina umri gani. Aulize masharti yanakuwaje nyumba ikipigwa mnada na benki. Aulize nani anakagua, na lini alikagua mara ya mwisho. Akijibiwa yote kwa ufasaha, basi ananunua makazi mema, si hisa. Akijibiwa kwa tabasamu tu, akumbuke kwamba bei rahisi nayo ina gharama yake.