Niuzie Nguo, Usiniuzie Ushindi

Wasee, wiki hii sina vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kifuani miezi kadhaa na leo nakitoa.

Kwa wale wageni hapa: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufeli, sikufukuzwa. Karo ilikataa tu. Ukiwa na deni hufanyi mtihani, hata kama umesoma mpaka macho yamekuwa mekundu. Niliona watu niliowafundisha mimi mwenyewe wakiingia ukumbini, mimi nikabaki nje na kalamu mkononi.

Ndio maana nilipenda gemu za mikakati. Ukifungua mechi hakuna anayekuuliza risiti. Wewe unaanza na wanakijiji watatu, na mimi watatu. Miti yako ni kama yangu, dhahabu ni sawa. Ukinipiga, umenizidi akili siku hiyo, na mimi narudi kujifunza. Kwangu hiyo haikuwa starehe tu. Palikuwa mahali ambapo mfuko wa mtu hauwezi kuniruka foleni.

Sasa kuna watu wanataka kuleta karo mpaka hapo.

Mbogi yetu tulikuwa wanne. Kila Jumamosi saa tatu usiku, kila mtu na bando lake. Bingwa wetu ni jamaa nitamwita Kevo. Kevo anafanya mjengo, anarudi na simiti kwenye nywele, anacheza na laptopu ya mtumba inayopiga kelele kama posho mill. Na alikuwa anatunyoosha wote. Sisi tuliosoma hadi chuo, tunanyooshwa na mtu anayebeba mawe. Ilikuwa poa sana.

Halafu gemu tuliyokuwa tunacheza (sitaitaja) ikatoa DLC, yaani kile kifurushi cha ziada unachonunua juu ya gemu uliyonunua tayari. Ndani kulikuwa na taifa jipya lenye wapanda farasi wa ajabu: wa bei rahisi, wepesi, hawafi. Wawili kati yetu wakanunua. Mimi nilipewa bure, kwa sababu natengeneza video. Nikaisifu. Ile video ilifanya vizuri kuliko zote mwezi huo.

Kevo hakununua. Alipoteza mechi kumi na moja mfululizo. Hakutukana mtu. Ya mwisho ilipoisha akasema, "Mse, mimi nilikuja kucheza, si kuonyeshwa mfuko wa mtu." Akatoka. Wiki chache baadaye, wale waliotaka kununua wakiwa wameshanunua, kampuni ikapunguza nguvu ya wale farasi. Wakaiita marekebisho. Kevo hakurudi mpaka leo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomfukuza.

Kwa hivyo nikisema ninachosema, sijisafishi. Nasema hivi: DLC kwenye gemu ya mikakati ya wachezaji wengi ni ya haki kwa sharti moja tu. Asiyenunua lazima abaki mezani na nafasi ile ile ya kushinda.

Najua jibu linakuja. "Sema tu huna doo." Ni kweli, sina. Lakini hiyo si hoja. "Watengenezaji wa gemu pia wanakula." Kabisa! Mimi mwenyewe naishi kwa kuuza vitu visivyoshikika. Seva zinalipiwa, wachoraji wanalipwa, na gemu ya miaka kumi haijilishi yenyewe. Sijaomba cha bure. Swali langu ni: unauza nini?

Nenda steji yoyote ya bodaboda uone wale wazee wa drafti wakicheza na vifuniko vya soda. Mmoja aje na vifuniko vya dhahabu, sawa, tutamcheka na kumuonea wivu. Aje na mbao ya kioo, sawa. Lakini aseme, "Nimelipa hamsini, kwa hivyo mimi naanza na kingi mbili." Huyo atafukuzwa hata chai yake haijapoa. Hakuna atakayemwambia "mwenye mbao pia anakula." Wazee wa steji wanajua tofauti kati ya kuuza pambo na kuuza ushindi. Makampuni yenye watu wa kila digrii eti hawajui?

Wanajua. Ngoja nikuonyeshe. Clash Royale ilitoka 2016, na nusu ya darasa letu la sekondari walikuwa nayo kwenye simu. Kadi zina levo. Levo ikipanda, askari yule yule ana uhai zaidi na anapiga kwa nguvu zaidi, na ukitoa pesa unapanda haraka. Lakini kwenye mashindano ya ndani ya gemu, kampuni ile ile iliweka kikomo cha levo ili kadi zilingane. Soma hapo mara mbili. Walipotaka kujua nani mchezaji mzuri, waliondoa kile walichokuwa wanauza. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo.

Na usiniambie haiwezekani kupata pesa bila kuuza nguvu. Dota 2 ilitoka 2013 na mashujaa wote ni bure tangu siku ya kwanza. Hii ni gemu ambayo babu yake ni ramani iliyotengenezwa na wachezaji ndani ya Warcraft III, kwa hivyo damu ni ya mikakati. Wanauza nguo, silaha za urembo, sauti za watangazaji. Watu wakanunua hizo nguo mpaka zawadi za mashindano ya 2021, ambazo sehemu yake kubwa zilitoka kwenye mauzo hayo, zikapita dola milioni 40. Kwa nguo tu, bana. Hakuna aliyenunua ushindi.

Kitu cha pili, ambacho wengi hawakioni: usigawanye meza. StarCraft II ilitoka kwa vipande vitatu, 2010, 2013 na 2015. Kipande cha pili kilipokuja na askari wapya, aliyebaki na cha kwanza alibaki kwenye foleni yake ya zamani, wenzake wamehama. Hujapigwa, hujashindwa, umeachwa tu. Novemba 2017 kampuni ikafungua mechi za wachezaji wengi bure kwa wote, ikaendelea kuuza kampeni na skini. Ilichukua miaka saba kufika pale ambapo ingeanzia.

Wale wa Paradox, kampuni ya Sweden, walipata jibu rahisi zaidi. Kwenye Europa Universalis IV na Hearts of Iron IV, DLC za yule anayefungua mechi zinafanya kazi kwa wote walioingia. Ni sheria ya mpira wa mtaani. Mwenye mpira ni mmoja, lakini akiuleta tunacheza wote, hata aliyekuja miguu mitupu. Siwaiti malaika, kwa sababu ukijumlisha DLC zao zote ni pesa ndefu sana, na Aprili 2021 walitoa moja inaitwa Leviathan ikiwa na makosa mengi mpaka wakaomba msamaha. Lakini kwenye hili la meza walifanya vizuri. Mmoja anunue, wanne wacheze. Na wale watatu wakiipenda, kesho watanunua zao ili wafungue mechi wenyewe. Hiyo ni biashara pia.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, kwa sababu kuna mtu mwerevu huko anasema: "Lakini taifa jipya likiwa na nguvu sawa na mengine, tatizo liko wapi?" Swali zuri. Tuchukue Age of Empires II: Definitive Edition, gemu ya 1999 iliyofanywa upya 2019. Huko usiponunua DLC bado unacheza na walionunua, seva moja, foleni moja. Huwezi tu kuchagua mataifa yao. Karibu wapate alama zote.

Karibu. Aprili 2022 ilitoka Dynasties of India, na ndani kulikuwa na Gurjaras. Walitoka wakiwa na nguvu kupita kiasi, na masasisho yaliyofuata yakawapunguza. Sisemi ilikuwa njama. Kupima nguvu za mataifa zaidi ya arobaini ni kazi ngumu kweli. Lakini mimi ninayepigwa sijali kama ni njama au bahati mbaya. Ninachoona ni kwamba wiki ya mauzo ndiyo wiki ya nguvu.

Na hata nguvu zikiwa sawa, mwenye DLC anaweza kufungua taifa lile akiwa peke yake, akajifunza kila udhaifu wake. Mimi nakutana nalo mara ya kwanza tayari nikiwa vitani. Kwenye mikakati, kujua ni nusu ya jeshi.

Dawa ipo, na si ghali. Kwanza, taifa jipya likae nje ya mechi za ranki mpaka lipimwe na watu wengi, na upimaji uwe wazi kwa wote, walionunua na wasionunua. Pili, kila mchezaji aruhusiwe kulijaribu dhidi ya kompyuta, bure, hata kama hawezi kulipeleka kwenye ranki. Tatu, kila wiki mataifa mawili matatu ya kulipia yafunguliwe kwa wote kwa zamu. League of Legends imefanya hivyo na mashujaa wake kwa miaka mingi na haijafa njaa. Nne, kama unataka kuuza kitu cha ajabu kabisa, kiuze kwa mtu anayecheza peke yake. Chronicles: Battle for Greece ya 2024 ilifanya hivyo: kampeni ndefu, meli, hadithi, na yale mataifa matatu mapya yakawekwa nje ya ranki ilipotoka. Huko weka farasi wanaoruka ukitaka. Hakuna Kevo anayeumia.

Tuongee bei pia, kwa sababu haki haiishi kwenye seva. Steam inamuonyesha mtu wa Afrika Kusini bei kwa randi. Mkenya anaonyeshwa dola. Kifurushi cha dola 25 ni zaidi ya shilingi 3,000. Kwa kijana wa London labda ni chakula cha jioni cha siku moja. Kuna mtaa hapa Nairobi ambapo hiyo ni kodi ya mwezi. Halafu kuna kichekesho hiki: Civilization VI iliweka Kilwa Kisiwani kama moja ya maajabu ya dunia, mji wa Waswahili wenyewe, lakini ilikuja ndani ya Rise and Fall ya 2018, kifurushi cha kulipia. Unanunua pwani yako kwa dola.

Na tafadhali, usiniuzie sanduku lililofungwa. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku kama hayo kwenye gemu kadhaa ni kamari kisheria. Mtaani tuna kamari ya kutosha. Kama nalipa, nionyeshe ninacholipia.

Kuna msee atasema kelele zetu hazibadilishi kitu. Uliza Creative Assembly ya Uingereza. Agosti 2023 walitoa Shadows of Change ya Total War: Warhammer III, bei imepanda mpaka karibu dola 25, vitu ndani vichache. Wachezaji wakawaka. Desemba wakaomba msamaha hadharani, na 2024 wakaongeza vitu ndani yake bila malipo kwa waliokwisha kununua. Hakuna aliyeenda kortini. Watu walikataa tu kununua na wakasema kwa nini.

Kwa hivyo kabla hujatuma hata bob moja, uliza maswali manne. Rafiki yangu asiyenunua, bado tutacheza pamoja? Atakuwa na nafasi ile ile ya kunipiga? Kilipimwa wazi kabla hakijaingia ranki? Najua hasa ninachonunua? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, subiri. DLC haiozi kama nyanya.

Na mimi niko na langu la kufanya. Ile video ya kusifu wale farasi nimeitoa leo asubuhi, na zile shilingi iliyonipa nimenunulia bando la mbogi nzima. Kuanzia sasa nikipewa kifurushi bure nitakwambia ni cha bure, na wiki ya kwanza nitacheza nikiwa upande wa asiye nacho. Nikipigwa na mfuko badala ya akili, mtaona kwenye skrini, na kampuni isinipe tena, ni sawa.

Kevo, najua unasoma hizi vitu ukiwa kwenye matatu. Jumamosi saa tatu. Tumerudi ramani ya zamani, mataifa ya zamani, kila mtu wanakijiji watatu. Njoo utunyooshe.