Tumechoka Kuroa: Koti la Mvua Nalo Ni Stara



Mashoga zetu, masika yameingia na mambo ni yale yale. Asubuhi mvua inashuka, mwanamke anatoka kwake Fuoni anakwenda dukani Darajani. Mkononi ana mwamvuli ambao upepo ushaupindua mara mbili, na buibui limeshakuwa zito kama blanketi. Akifika, limemganda mwili mzima. Nguo aliyoivaa ajisitiri ndiyo inayomchora mbele za watu. Anasimama pembeni ya mlango, anavuta nguo huku na huku, anaona haya. Kisha anaambiwa: si ungevaa koti la mvua?

Koti gani? Hilo ndilo tunalogombana nalo leo.

Sisi ni mafundi. Tumesoma ushoni, tuna cherehani zetu na duka letu dogo, na kila masika tunaletewa makoti ya mvua tuyapunguze, tuyaongeze, tuyazibe. Tunayajua mpaka ndani. Yanayouzwa kwa wingi yamekatwa kwa kipimo cha mwanamme: mabega mapana, nyonga nyembamba, urefu unaishia mapajani. Mwanamke akifunga zipu linambana nyonga, na maji yote yanayoteremka kwenye koti yanamwagikia buibui lake. Jengine ni lile la plastiki nyembamba, kila kilicho ndani kinaonekana, na likinaswa na msumari wa daladala ndiyo limekwisha. Kofia zake nazo zimekatwa kwa kichwa kitupu. Ukiwa na ushungi na nywele umezifunga nyuma, upepo wa kwanza tu kofia iko kisogoni.

Allah (S.W.) katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, anatukumbusha kuwa ametupa nguo za kusitiri tupu zetu na za pambo, na kwamba vazi la ucha-Mungu ndilo bora zaidi. Katika Surat An-Nahl, aya ya 81, anazitaja nguo zinazotukinga na joto kuwa ni miongoni mwa neema zake. Stara, pambo na kinga, yote matatu yamo. Sasa nani aliyetwambia kuwa mwanamke akitaka stara basi kinga aisamehe? Koti linalokinga bila ya kusitiri ni nusu nguo. Na buibui linalositiri jua likiwaka tu, siku ya mvua nalo ni nusu nguo.

Wako watakaosema: mvua ikinyesha, mwanamke akae ndani. Watatuletea na ruhusa ya kuswali nyumbani siku ya mvua kubwa. Ruhusa hiyo ipo, na ni rehema. Lakini ni ruhusa ya swala ya jamaa, na wanaoihitaji zaidi ni wanaume. Mbona hatujasikia mwanamme akiambiwa asitoke kwenda kazini kuanzia Machi mpaka Mei, kisha vuli ikianza Oktoba arudi tena ndani? Kodi ya duka haingoji jua. Mtihani wa mtoto wa skuli haungoji jua. Mama anayempeleka mwanawe hospitali hachagui siku. Na mvua si adui yetu. Mtume (S.A.W.) aliifunua nguo yake kidogo ili mvua impate, na akamuomba Mola wake aijaalie iwe yenye manufaa. Tunayemlaumu hapa ni anayetuuzia koti bovu.

Na sisi mafundi tusijitoe. Masika moja tulishona mabuibui ya mvua kwa nailoni nzuri, tukatia na lesi mikononi, yakauzika mpaka yakaisha. Wiki ya pili akarudi mteja mmoja, mwalimu wa skuli, mabega yameroa chapachapa. Kitambaa chenyewe hakikupitisha tone. Iliyopitisha ni mishono yetu, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Wala si jambo jipya. Charles Macintosh wa Scotland alipotoa kitambaa chake cha mpira mwaka 1823, makoti yaliyoshonwa nacho yalivuja pale pale, kwenye mishono. Na sisi, miaka mia mbili baadaye, tukarudia kosa lile kwa pesa za mwalimu. Tulimrudishia pesa zake. Lakini wangapi waliroa wakanyamaza?

Kwa hiyo ukenda kununua, usianze na rangi wala vifungo. Lipindue koti ndani nje. Juu ya kila mshono uone utepe uliogandishwa kwa moto. Kama haupo, hilo si koti la mvua, ni pambo tu. Livae juu ya buibui lako, si juu ya blauzi. Nyanyua mikono, kaa kitako kama unavyokaa kwenye bodaboda. Likikubana, liache. Urefu ufike katikati ya muundi. Refu la kuburura linanaswa na gurudumu, na hapo tunazungumzia roho ya mtu. Liwe pana kuanzia kiunoni, na nyuma liwe na kunjo la kukupa nafasi ya kutembea, si mpasuo wa kuingiza maji. Kofia ijaribu na ushungi wako kichwani. Sisi huongeza inchi tatu, na tunatia kamba ya kuikaza.

Usisahau hewa. Plastiki tupu kwa joto letu la kisiwani inakurowesha kwa jasho, ukafika kazini umeroa vile vile. Afadhali kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji upande wa ndani, chenye matundu ya hewa yaliyofichwa chini ya kipande cha mgongoni. Na kuhusu rangi, stara si lazima iwe nyeusi. Jioni ya mvua, dereva hamuoni aliyevaa nyeusi. Chukua kijivu au samawati, kisha utie utepe unaong'aa kwenye mikono.

Wafanyabiashara wenzetu mnaoagiza Dubai na China, mnajua wanunuzi wenu ni nani. Agizeni vipimo vya wanawake, virefu na vipana. Msituletee yaliyowabakia wengine. Mafundi wenzetu, kama huna utepe wa kuziba mishono, mwambie mteja kabla hajatoa pesa, kwani kunyamazia aibu ya bidhaa ni khiyana. Na waume zetu, koti zuri lina bei, kweli. Lakini hamuoni tabu kununua tairi jipya la vespa kabla ya masika. Mama watoto naye anapita njia ile ile.

Na sisi wanawake wenyewe tuache kukubali chochote kwa kuwa eti mvua ni ya siku chache. Siku hizo chache ndizo tunazoaibika. Rudisha koti linalovuja. Dai pesa zako. Uliza utepe uko wapi. Wauzaji wakiulizwa na kumi, wa kumi na moja atakuta koti la kweli.

Allah atujaalie mvua yenye manufaa, na atusitiri duniani na akhera. Aamin.

Wabillahi tawfiq.