Mbegu Iliyolala na Bei ya Nyasi Ambayo Haijaota



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa huku pwani aliyeolewa bara na sasa ni mkaazi wa Saboti, pande za Kitale, ametuletea maswali mawili. Mumewe ametangulia mbele ya haki, akamwachia watoto wanne na ekari moja ya ardhi. Amekusudia kusia mbegu za nyasi ya malisho ili akate, akaushe na auze kwa wafugaji. Mwanawe mkubwa amshauri asie sasa, katika kiangazi, maana vibarua hupatikana kwa urahisi. Jirani amwambia angoje mvua. Kisha amekuja mfanyabiashara, yu tayari kulipa leo kwa nyasi yote itakayotoka katika ekari hiyo, iwe nyingi au iwe chache. Ada ya shule inadaiwa, na fedha zile zamvutia. Auliza: nisie lini, na fedha nizipokee?

Swali la kwanza ni la ukulima, na jibu lake limo katika tabia ya mbegu yenyewe. Katika nchi za baridi kali, kama sehemu za kaskazini za Marekani, wako watu wasiao mbegu za nyasi za uani wakati ardhi imeganda. Mbegu haioti, bali hulala. Ardhi inapoganda na kuyeyuka hufanya nyufa, mbegu ikazama humo, na joto linaporejea huamka ikiwa tayari mahali pake. Huko Saboti, chini ya mlima Elgon, ardhi ya shamba haigandi, lakini mbegu hulazwa na ukavu. Tangu Disemba hadi Februari mvua huwa haba, na ile ndefu hutarajiwa kuanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Kwa hivyo kusia katika udongo mkavu ni jambo lenye asili, na wakulima wa mahindi wengine hufanya hivyo ili mvua ya kwanza isiwapite.

Hata hivyo, usingizi huu una hatari zake. Wale wa nchi za baridi huogopa siku chache za joto zijazo kabla ya wakati, mche ukatoka kisha ukauawa na barafu. Sisi twaogopa manyunyu ya Februari: mbegu huamka, huchipua, kisha jua la wiki mbili huiunguza, na mbegu iliyokwisha kuota hairudi kulala. Tena mbegu ya nyasi ni ndogo na nyepesi. Ikikaa miezi miwili juu ya ardhi, upepo, ndege na sisimizi watagawana fungu kubwa.

Basi ushauri wetu ni huu: mwana ana haki katika nusu ya maneno yake, na jirani katika nusu yake. Kiangazi kitumiwe kwa kulima, kung'oa magugu na kuuvunjavunja udongo mpaka uwe laini. Mbegu isubiri ndani ya nyumba, mahali pakavu, isiwe shambani. Mvua inapokaribia kweli, au mara tu inapoanza, ndipo isiwe. Ichanganywe na udongo mkavu au vumbi la mbao ili ienee sawasawa, ifunikwe kidogo tu, isizidi sentimita mbili, kisha udongo ukandamizwe. Mbegu ya nyasi ikizikwa kama punje ya hindi haina nguvu ya kutoka.

Dada yetu hana haja ya kwenda mbali kutafuta elimu hii. Kenya Seed Company ilianzishwa hapo hapo Kitale mwaka 1956, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mbegu za malisho, kabla ya kusifika kwa mahindi. Aina za nyasi ya Rhodes kama Boma na Elmba zimetokana na utafiti uliofanywa Kitale. Anunue mbegu kwa muuzaji anayeaminika, aulize imevunwa lini, kwani mbegu ya Rhodes iliyovunwa karibuni huweza kukataa kuota kwa miezi kadhaa hata ikipata maji.

Swali la pili ni la sharia. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Kuuza nyasi ya ekari moja ambayo hata mbegu yake haijaingia ardhini ni kuuza kisichojulikana. Mvua ikikosa, mnunuzi atasema ameliwa fedha zake. Ikizidi, muuzaji atajiona amedhulumiwa. Uuzaji huo haufai.

Lakini dini haikumfungia mhitaji mlango. Upo uuzaji wa salam, ambao watu wa Madina walikuwa wakiufanya kwa tende, na Mtume akawawekea masharti ya kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Dada yetu aweza kuahidi marobota kadhaa ya nyasi kavu, ya aina na uzito uliotajwa, yatakayokabidhiwa mahali fulani, tarehe fulani, na bei yote ilipwe hapo hapo katika kikao cha mkataba. Nyasi hiyo isifungwe na ekari yake: ni deni juu yake, na shamba lake likikosa, atanunua kwingine alipe. Kwa hivyo asiahidi zaidi ya anachoweza kukipata, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi.

Limebaki jambo ambalo hakuliuliza, nalo ni zito kuliko yote mawili. Je, ekari hiyo imerithishwa? Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni. Kilichosalia ni cha watoto, na cha wazazi wa marehemu ikiwa wako hai. Mali ya yatima haiwekwi rehani ya biashara kwa sababu tu mama ana nia njema. Amwendee kadhi, mirathi igawanywe, na msimamizi wa fungu la wadogo ajulikane, ndipo shamba litumiwe kwa maslahi yao, ada ya shule ikiwa miongoni mwayo. Kiangazi hiki, wakati mbegu imehifadhiwa ndani, ndio wasaa wa kazi hiyo.

Na akisha kufanya yaliyo juu yake, asikae akihesabu mawingu. Suratul Waaqia yatukumbusha kwamba sisi ni wenye kusia tu, na mwenye kuotesha ni Yeye. Mola amrehemu mumewe, awakuze watoto wake katika kheri, na ambarikie riziki yake. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.