AFYA YA JAMAA: Bowa, sufuria na kipimo cha ADN



Mvua ikinyesha vizuri, bowa unajaa sokoni na kando ya barabara. Ni kitoweo kitamu na bukari, na kwa mama mwenye kuuza ni falanga ya shule ya watoto. Katanga tunakula Amanita loosii. Lakini katika jamaa ileile ya Amanita kuna muuaji: Amanita phalloides, unaojulikana sana Ulaya.

Sumu yake haiishi kwa kupika wala kukausha. Na ina ujanja. Mutu anakula, saa 6 mpaka 24 zinapita bila alama. Halafu anatapika na kuhara sana. Kisha anaona nafuu, na sisi tunasema: «Amepona!» Kumbe sumu inaendelea kuharibu maini yake.

Siku hizi kuna kipimo cha kutambua bowa kwa ADN, ni kusema ile alama ya uzazi iliyo ndani ya kila kitu chenye uzima. Mwaka 2013 wataalamu wa Ujerumani walionyesha njia moja inayoitwa LAMP. Wanaponda kipande cha bowa, wanakitia katika dawa, wanakiweka ndani ya maji ya moto yasiyobadilika. Mwishoni, kijiti kidogo kinaonyesha alama. Kazi yote inachukua kama saa 2. Hata bowa uliokaangwa unatambulika, hata ukichanganyika na mwingine mwema.

Ni kitu kizuri. Lakini angalieni: kipimo kinajibu tu lile kinaloulizwa. Kikisema «huu si Amanita phalloides», hakijasema «muukule». Bowa mwingine wenye sumu unaweza kukipita.

Basi tufanye nini nyumbani? Bowa usiojulikana na wazee wetu, tuuache. Mdudu kuukula si ushuhuda. Watoto wasichume peke yao. Na mutu akitapika kisha kula bowa, wote waliokula pamoja naye waende lopitali mbio, hata wanaojisikia vizuri. Musitupe mabaki ya sufuria: mumupelekee munganga, pamoja na bowa mubichi kama umebaki. Pale ambapo kipimo kipo, mabaki hayo ndiyo yatapimwa. Pale ambapo hakipo, yatamuonyesha munganga njia.

Mama, baba, leo jioni muulizane: nani kwetu anajua bowa kweli?