Mbwa wa Congo, kura ya Wazungu

Katika komine ya Manika, mjini Kolwezi, kumwita mtu "musenji" ni kutafuta ugomvi. Ng'ambo, Basenji ni jina la heshima: mbwa mwindaji wa Congo, asiyebweka kama wengine.

Klabu yake ya Uingereza ilianza 1939, ya Marekani 1942. Wanachama hulipa ada, huchagua kamati, na kupitia klabu huamua ni mbwa gani halali. Damu ilipopungua, Wamarekani walifuata mbwa wengine Zaire, na mwaka 1990 daftari la uzazi likafunguliwa kwa ajili yao. Shirikisho la kimataifa, FCI, lenye makao Thuin, Ubelgiji (Ubelgiji tena!), linaandika kwamba asili ya Basenji ni Afrika ya Kati, lakini mlezi wa kanuni zake ni Uingereza. Kijiji kilichomfuga hakina kura. Mji unaotazama malori ya kobalti yakiondoka unaijua habari hii.

Sheria ya 20 Julai 2001 inaruhusu asbl. Wawindaji na madaktari wa mifugo wanaweza kuunda moja, na kuanza kuwaandika mbwa wa vijijini kabla hawajachanganyika na mbwa wa walinzi wa migodi.