Kiti cha rekta kinaanzia kwa asistenti

Vijana wenzetu wa Kamina, kila tarehe 8 ya mwezi wa tatu tunaona ile ile: bamama wanavaa liputa za sikukuu, wakubwa wanasoma hotuba juu ya parite, kisha kila mtu anarudi kwake. Sisi tunauliza swali moja: kwa nini ni vigumu hivi kumuona mwanamke kwenye kiti cha rekta?

Si juu ya akili. Sophie Kanza alimaliza Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu. 1966 alikuwa tayari waziri. Mwaka 2024 Judith Suminwa aliteuliwa Waziri Mkuu, na masomo ya juu yakapewa Profesa Marie-Thérèse Sombo. Sheria nayo iko: Katiba ya 2006, kifungu cha 14, kisha sheria ya parite ya tarehe 1 Agosti 2015. Sasa tunakwama fasi gani?

Tunakwama chini. Rekta anateuliwa Kinshasa, lakini jina linatafutwa kati ya maprofesa. Ili uwe profesa lazima doktora. Mbele ya doktora ulikuwa CT, na mbele ya CT ulikuwa asistenti. Ule asistenti anachaguliwa hapa hapa kwetu. Kama nafasi yake haikubandikwa ukutani, wanaoijua ni wale wanaokunywa na shefu jioni, na dada zetu hawako kwenye meza hiyo (afadhali pia wasiwe).

Halafu iko safari. UNIKAM ilizaliwa kama tawi la UNILU, na mpaka leo mtu wa Kamina akitaka DEA na doktora, mara nyingi macho yanaenda Lubumbashi: karibu kilometa 600 za reli, na treni yetu kila mtu anaijua. Kijana mwanaume akiaga, familia inachanga feza na kumsindikiza mpaka stesheni. Dada yake wa umri ule ule anaulizwa: «Bwana amekubali? Batoto watabaki na nani?» Miaka ya doktora ndiyo miaka ya kuzaa, na hapo ndipo tunawapoteza wengi, kimya kimya, bila mtu kuwafukuza. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mama aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kutia sahihi mapatano mengi. Sharti hilo lilifutwa Julai 2016. Kwenye midomo ya watu bado liko.

Wengine wanasema: wateue tu mama mmoja, mambo yaishe. Hatukubali. Siku akiondolewa, nyuma yake hakuna mtu. Kule Kenya, Olive Mugenda aliongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta toka 2006 mpaka 2016, mwanamke wa kwanza kushika chuo kikuu cha serikali kule, lakini alikuwa kwanza profesa na naibu mule mule.

Kwa hiyo tunadai kwa UNIKAM na kwa vyuo vyote vya juu vya Kamina: kila nafasi ya asistenti ibandikwe wazi, hesabu ya wanawake na wanaume itolewe kila mwaka, toka asistenti mpaka profesa, na miezi ya uzazi isihesabiwe ndani ya mandati ya asistenti. Barua tunaiandika wiki hii. Ukiwa mwanafunzi, leta kadi yako, utie sahihi pamoja nasi.