Mboga za Ndooni Si Mchezo wa Watoto



Mzee mmoja wa skimu ya Gede alinikuta nikitoboa ndoo kwa msumari wa moto, akacheka sana. "Mwanangu," akasema, "marehemu baba yangu alipewa shamba zima na serikali, nawe wataka mimi nilime ndani ya ndoo kama mtoto achezaye?" Sikumlaumu. Mtu mwenye minazi, mikorosho, mihogo na mahindi haoni sababu ya kushughulika na ndoo. Lakini nilipomwuliza siku ile nyumbani kwake watakula mboga gani, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama watoto amekwenda sokoni Gede kununua sukuma wiki.

Hapo ndipo penye maneno. Sehemu kubwa ya sukuma wiki, kabeji na nyanya tunazonunua huku pwani hutoka bara. Nyingi hupitia soko la Kongowea, Mombasa, ndipo zikapakiwa tena kuletwa Malindi na Watamu. Basi mkulima mwenye shamba anamlipa mkulima mwenziwe wa bara, na mwenye lori, na mchuuzi, apate fungu la majani yaliyokwisha nyauka njiani. Wakati wa mvua mchicha na mtsunga hupatikana bure. Shida ni kiangazi, tangu Januari hadi Machi, wakati bei inapopanda na watoto wanapokula ugali kwa chumvi.

Sababu kubwa ni maji. Wengi wetu tumekaa juu ya mawe ya matumbawe au juu ya mchanga unaomeza maji kama kapu. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Maji ya mfereji hutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na yakikatika hununuliwa kwa mtungi. Ni nani atakayemwaga maji ya kununua kwenye tuta la mchanga, ilhali nusu yake huchukuliwa na jua na nusu hupotea chini?

Ndoo inayojinyweshea ni jibu dogo kwa shida hiyo. Chukua ndoo mbili za namna moja, uingize moja ndani ya nyingine. Chini hubaki nafasi, na nafasi hiyo ndiyo tangi. Ndoo ya juu itobolewe matundu madogo chini, na katikati tundu kubwa la kupitisha kopo lililotobolewa pande zote. Kopo lijazwe udongo na liguse maji. Udongo huo hunyonya maji na kuyapandisha kwenye mizizi, kama utambi wa taa unyonyavyo mafuta ya taa. Kipande cha bomba au mwanzi kipite pembeni mpaka chini, cha kutilia maji. Kisha ndoo ya nje itobolewe tundu moja ubavuni, chini kidogo ya kitako cha ndoo ya ndani, ili maji yaliyozidi yatoke.

Tundu hili la ubavuni msilisahau. Mimi mwenyewe nililisahau mara ya kwanza. Masika yalipokuja maji yalijaa mpaka juu, mizizi ikakosa hewa, na ndoo sita za mchicha zikaoza katika juma moja. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Udongo mtupu wa shambani haufai. Mchanga peke yake haupandishi maji mbali, na udongo mzito huwa tope. Changanyeni udongo mwekundu, samadi iliyooza sawasawa, na vumbi la makumbi ya nazi, ambalo kwetu hutupwa ovyo ingawa hushika maji vizuri sana. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufukoni kwa kazi ya kamba yana chumvi. Yaosheni kwanza kwa maji matamu mara kadhaa. Udongo mpya wa namna hii una faida nyingine kwa wapandao nyanya, kwa maana minyoo midogo inayovimbisha mizizi hupenda sana ardhi yetu ya mchanga.

Sasa niseme neno juu ya wanaouza vyombo hivi vikiwa tayari, na kuwaambia watu kwamba mtatia maji leo na kusahau hata mwezi uishe. Huo ni uwongo. Mmea haupunguzi kiu kwa kuwa umepandwa kwenye ndoo. Mnyanya uliokua, katika jua la Februari, waweza kunywa lita mbili au zaidi kwa siku. Tangi la lita nne litaumalizia siku mbili tu. Mchicha na mnavu hudumu zaidi. Faida ni kwamba maji hayapotei chini, na juani hupotea machache, hasa ukifunika udongo kwa majani makavu. Hiyo ni faida ya kutosha. Haihitaji kutiwa chumvi.

Na chumvi yenyewe ndiyo jambo ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Maji yakipanda kutoka chini na kukauka juu, chumvi iliyomo hubaki juu ya udongo. Ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, baada ya miezi michache utaona ukoko mweupe, na majani yataungua kingo. Hapo ondoeni udongo wa juu, kisha mwageni maji ya mvua kwa wingi kutoka juu, yapite mpaka yatoke ubavuni. Afadhali kukinga maji ya mvua kwenye pipa, na kutumia ya kisima pale tu yanapokosekana mengine.

Mdomo wa bomba uzibwe kwa kitambaa au wavu, la sivyo mtafuga mbu, na mbu wa homa ya dengi hupenda maji masafi ya vyombo vya nyumbani. Ndoo au mtungi uliowahi kutiwa dawa ya wadudu usitumiwe kamwe, hata ukioshwa mara mia. Ndoo nyeusi ipakwe chokaa, mizizi isipikwe na jua.

Asiye na ndoo mbili anaweza kufukia chungu cha udongo kisichopakwa kitu, shingo ikabaki juu na kufunikwa, na kupanda mboga kukizunguka. Maji hupenya polepole. Wachina waliandika habari za kilimo cha namna hii miaka kama 2,000 iliyopita, basi hakuna haja ya kukionea haya.

Lipo jambo moja ambalo najua litawaudhi baadhi ya wanaume wenzangu. Katika nyumba nyingi anayebeba maji ni mama, lakini anayeamua maji yatiwe wapi ni baba, naye huyapeleka kwenye miche yake ya mipapai. Ndoo za mboga ziwe za mama. Yeye aamue apande nini, na akiuza fungu la ziada, fedha iwe yake. Nimeona ndoo zikikauka kwa sababu hazikuwa na mwenyewe.

Tena mashamba ya skimu siyo yale ya baba zetu. Yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, na wako wanaokaa kwenye ardhi ambayo hawana hati yake. Mtu huyo hawezi kupanda mnazi, lakini akihamishwa anaweza kubeba ndoo zake na mabenda yakiwa yamezaa.

Hoteli za Watamu hutumia mafuta ya kupikia yanayokuja katika ndoo na mitungi ya lita 20, na vyombo vitupu huuzwa bei nafuu au hutupwa. Yafaa vikundi vya akina mama viende kuviomba kwa pamoja sasa, kabla ya vuli kwisha, ili miche iwe imeshika wakati kiangazi kinapoanza. Yule mzee wa Gede amekwisha kuniagiza nimtafutie nne.